Admirali wa Kilindini

Wanafunzi wangu wa isimu hapa Mombasa hupenda kuniuliza asili ya jina Kilindini. Ni kilindi, yaani maji ya kina kirefu, likaongezwa kiambishi cha mahali. Kina hicho ndicho kilichomleta kwetu Admirali James Somerville mwaka 1942.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1882, akaingia jeshi la majini mwaka 1897, akabobea katika simu ya upepo. Vita Vikuu vya Kwanza vilimfikisha Dardanelles na kumpa nishani. Mwaka 1939 alistaafishwa kwa sababu ya kifua kikuu, lakini vita vya pili vikamrudisha kazini.

Tarehe 3 Julai 1940 aliamriwa kuzishambulia manowari za Ufaransa bandarini Mers-el-Kébir, Algeria, zisije zikaangukia mikononi mwa Wajerumani. Aliichukia amri ile, wala hakuificha chuki yake. Hata hivyo aliitekeleza. Mabaharia wapatao 1,300 walikufa, watu waliokuwa wenzake vitani siku chache tu kabla.

Aprili 1942 Wajapani waliishambulia Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, wakazamisha meli zake tatu kubwa: Dorsetshire, Cornwall na Hermes. Somerville akazirudisha manowari zake kuukuu Kilindini. Wako waliomwona mwoga. Mimi naona alitumia akili, kwani kupigana siku ile kungemmaliza. Wataalamu wake wa kufumbua maandishi ya siri ya Wajapani wakapewa shule ya Allidina Visram.

Linalonisumbua zaidi ni la Februari 1944, makao yake yalipokuwa yamekwisha kurejea Ceylon. Msafara wa meli tano za abiria uliondoka Kilindini kuelekea Colombo. Tarehe 12, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga Khedive Ismail, ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi. Manowari za ulinzi, katika kuisaka nyambizi hiyo, zilitupa mabomu pale pale walipokuwa wakiogelea walionusurika. Walikufa watu wapatao 1,300, wakiwamo wauguzi, na wengi wao ni wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Je, manowari tatu zilitosha kulinda meli tano? Msafara ule ulikuwa chini ya mamlaka ya Somerville.

Mwaka huo huo alihamishiwa Washington, na mwaka 1945 akapandishwa cheo cha juu kabisa cha wanamaji wa Uingereza. Alifariki mwaka 1949, nyumbani kwake Somerset. Askari wa Khedive Ismail wanakumbukwa kwenye mnara ulioko Nairobi, mwendo wa siku nzima kutoka bandari waliyoiaga.