Lucas: Aliyeishinda nambari ya tarakimu 39 kwa kalamu na karatasi

MWANAHISABATI Édouard Lucas alizaliwa mjini Amiens, kaskazini mwa Ufaransa, mnamo Aprili 4, 1842.

Baada ya kuhitimu katika École Normale Supérieure jijini Paris, aliajiriwa katika kituo cha kuchunguzia nyota jijini humo. Vita baina ya Ufaransa na Prussia vilipozuka mnamo 1870, alihudumu kama afisa wa kikosi cha mizinga. Amani iliporejea, alishika chaki na kufundisha hisabati katika shule za upili.

Wakati huo wasomi walikuwa wangali wakikuna vichwa kuhusu madai ya mtawa Marin Mersenne ya mwaka wa 1644. Mtawa huyo alisema kwamba ukizizidisha mbili 67 pamoja, kisha uondoe 1, utapata nambari tasa, yaani isiyogawanyika pasipo baki ila kwa 1 na kwa nambari yenyewe. Alisema vivyo hivyo kuhusu mbili 127. Hakuacha uthibitisho.

Nambari hiyo ya pili ni 170,141,183,460,469,231,731,687,303,715,884,105,727. Mtu ambaye angejaribu kuigawanya kwa nambari moja baada ya nyingine angezeeka na kufa kazi ikiwa bado mbichi.

Lucas alibuni njia nyingine. Alichukua nambari ndogo, akaizidisha kwa yenyewe na kuondoa 2, kisha akagawanya jibu kwa nambari iliyochunguzwa na kuhifadhi baki pekee. Baki hilo nalo alilitendea vivyo hivyo, tena na tena, zaidi ya mara 100. Baki la mwisho likiwa sufuri, nambari ni tasa.

Mnamo 1876 alitoa hukumu: Mersenne alikosea kuhusu nambari ya kwanza, ila alisema kweli kuhusu ya pili.

La kustaajabisha ni kwamba Lucas alijua nambari ya kwanza inagawanyika pasipo kujua inagawanyika kwa ngapi. Jibu lilipatikana mnamo 1903, pale Mmarekani Frank Nelson Cole alipoonyesha kuwa ni zao la 193,707,721 na 761,838,257,287.

Lucas pia alipenda michezo ya kuchemsha bongo, na mnamo 1883 alitoa ule wa Mnara wa Hanoi.

Kifo chake kilikuwa cha ghafla. Mnamo 1891, katika karamu ya mkutano wa wanasayansi mjini Marseille, mhudumu aliangusha sahani na kigae kikamchana shavuni. Jeraha liliambukizwa, naye akafariki Oktoba 3 akiwa na umri wa miaka 49.

Nambari yake iliendelea kuwa tasa kubwa zaidi iliyojulikana hadi 1951. Mbinu yake, iliyoboreshwa na Mmarekani Derrick Henry Lehmer mnamo 1930, ndiyo iliyotumiwa na kompyuta mnamo Oktoba 2024 kuthibitisha nambari tasa yenye tarakimu 41,024,320.