Robert Williams na reli ya Lobito: feza iliyongoja miaka 28

Ninyi wa Dilala munajua reli inayopita mu muji wetu, inatoka Tenke, inaenda Dilolo, kisha inavuka Angola mpaka Lobito ku bahari. Siku hizi mataifa makubwa yanaisemea kila wakati. Lakini jina la mtu aliyeipigania kuliko wote limesahaulika huku kwetu. Aliitwa Robert Williams. Leo tunaeleza maisha yake, juu yanaonyesha wazi jambo moja linalogusa kila jamaa ya wachimbaji: ukitoa makuta yako na kuyatia mu kazi fulani, namna gani utapima faida, na namna gani utapima hatari ya kuyapoteza?

Williams alizaliwa mwaka 1860 kule Aberdeen, Uskoti, kaskazini ya kisiwa cha Uingereza. Alifundishwa kazi ya enjinia. Mwaka 1881, akiwa kijana wa miaka 21, alipanda meli na kwenda Afrika Kusini, Kimberley, mahali watu walikuwa wanachimba almasi. Kule aliona jambo ambalo ninyi pia munalijua: shimo moja linatajirisha, la pembeni linamaliza feza ya mwenyewe bule. Aliona tena ya kama wenye kudumu si wale wa bahati ya siku moja, ila wale walioweka feza pamoja mu kampuni, kila mtu na hisa zake, zile tunaitaka aksio. Shimo likikauka, hasara inagawanyika. Kule Kusini njo alifahamiana na Cecil Rhodes, tajiri wa almasi na mwenye kampuni iliyotawala Rodezia.

Mu Januari 1899 Williams alianzisha kampuni yake London, jina lake Tanganyika Concessions. Rhodes alimpa ruhusa ya kutafuta madini kaskazini ya Zambezi. Mwaka uleule alimtuma mtu wake, George Grey, na kundi la watafutaji. Grey alifika Kansanshi, karibu na Solwezi ya leo mu Zambia, na kule alikuta shaba. Lakini tuseme kweli: hakuivumbua. Alikuta mashimo ya zamani sana, kazi ya wenyeji. Huku kwetu pia, Wasanga na Wayeke walichimba, waliyeyusha na kumwaga shaba mu umbo la misalaba mbele ya mzungu wa kwanza kufika. Msiri wa Bunkeya alifanya biashara yake mpaka alipouawa mu Desemba 1891.

Hapa iko somo la kwanza. Kutafuta madini mu pori tupu ni hatari kubwa. Unaweza kuchimba mara mia bila kupata kitu. Lakini mahali wazee walichimba kwa vizazi, hatari inapungua sana, juu alama iko. Williams alilipa watafutaji wachache, lakini habari yenye bei kubwa aliipata kwa wazee wetu bila kulipa. Wenye habari hawakupewa hisa hata moja.

Kisha Williams alikwenda Ubelgiji kwa mfalme Leopold wa Pili, mwenye kujiita mtawala wa Kongo. Mu Desemba 1900 alipata mapatano na Comité Spécial du Katanga: watu wake watatafuta madini upande wa kusini ya Katanga, na faida itagawanywa, sehemu kubwa kwa Comité, sehemu ndogo kwa Tanganyika. Grey na wenzake walizunguka inchi hii, Kambove, na hata huku karibu na Kolwezi, mahali pa Ruwe, walipotafuta zahabu.

Shaba ilionekana, tena mingi. Lakini shaba iliyolala mu udongo haiko feza. Mwaka 1892 Mbelgiji Jules Cornet, mtu wa kusoma mawe, alikuwa ameona utajiri huu, na hakuna kitu kilichofuata, juu bahari ilikuwa mbali mno. Tani moja ya shaba ikibebwa ku kichwa mpaka ku meli, bei yake yote inaliwa mu njia. Williams alifahamu ya kama faida ya Katanga haitapimwa ku shimo, itapimwa ku bandari. Basi aliangalia ramani, akaona njia fupi kuelekea Ulaya: Lobito, mu Angola ya Wareno. Tarehe 28 Novemba 1902 Ureno ilimpa ruhusa ya kujenga reli na kuishika miaka 99. Tarehe 1 Machi 1903 kazi ilianza.

Ku karatasi, hesabu ilikuwa nzuri. Zaidi ya kilometa 1.300 kutoka bahari mpaka mupaka wa Kongo, na shaba inangoja kule mwisho. Lakini karatasi haikuonyesha kila kitu. Nyuma ya bahari kuna kipande cha inchi kikavu bila maji. Maji yenyewe yalipaswa kubebwa. Kisha milima inapanda gafula mpaka tambarare ya juu, zaidi ya metre 1.500. Wafanyakazi walikosekana, waliletwa hata Wahindi kutoka Natal, na wengi walikufa. Kila mwaka kampuni ilirudi London kuomba feza nyingine. Muji wa Huambo ulizaliwa mwaka 1912 juu reli ilikuwa imefika pale, na hata nusu ya njia ilikuwa haijamalizika. Mwaka 1914 vita kubwa ilianza Ulaya, na kazi ikasimama miaka mingi.

Je, Williams alianguka? Hapana, juu hakuweka mayai yote mu kitunga kimoja. Tarehe 28 Oktoba 1906 Union Minière du Haut-Katanga iliundwa, na mtaji wa faranga milioni 10. Comité na Société Générale de Belgique walikuwa ndani. Tanganyika Concessions nayo ilipata hisa zake. Williams alisaidia vilevile reli ya kutoka Kusini, ile iliyofika Élisabethville mwaka 1910. Mwaka 1911 tanuru ya Lubumbashi ilianza kuyeyusha, na mwaka ule wa kwanza ilitoa karibu tani 1.000. Mwaka 1930 Union Minière ilitoa karibu tani 139.000. Reli ya Lobito ilikuwa inakula feza, mine ya Katanga ilikuwa inaileta. Kitu kimoja kilibeba kingine.

Tukumbuke pia nani alichimba tani zile. Robert Williams alikuwa na kampuni nyingine yenye jina lake, kazi yake kutafuta watu Rodezia ya Kaskazini na kuwaleta ku Union Minière. Mu jamaa zetu wako wengi ambao nkambo wao alifika hivyo, na kontra mu mukono. Kampuni za miaka ile zilipima hatari ya feza mpaka sentimu ya mwisho. Hatari ya pumu, ya homa, ya jiwe kuanguka, ile iliandikwa mu mwili wa mfanyakazi, na faida ilikwenda kwa mwenye hisa. Mtu akikwambia kazi fulani iko na faida kubwa, uliza kwanza: hatari iko ku mugongo wa nani?

Mwaka 1928 mfalme wa Uingereza alimpa Williams cheo cha heshima, akaitwa Sir Robert. Mwaka 1929 reli yake ilifika ku mupaka wa Kongo. Upande wetu, kipande cha Dilolo mpaka Tenke kilijengwa na watu wa BCK, na mwaka 1931 njia nzima ilifunguka. Kuanzia 1903 mpaka 1931: miaka 28. Sasa feza irudi!

Lakini angalia mwaka wenyewe. 1931 ilikuwa katikati ya shida kubwa ya dunia. Bei ya shaba ilianguka vibaya. Union Minière ilifunga mine nyingi na kurudisha maelfu ya wafanyakazi ku vijiji. Mwaka 1932 ilitoa karibu tani 54.000 tu. Tena Wabelgiji walikuwa na njia yao wenyewe tangu 1928, kupitia Port-Francqui, ile tunaita leo Ilebo, na walipenda shaba ipite ndani ya Kongo hata kama ni mbali zaidi. Williams alikuwa na haki juu ya shaba, alikuwa na haki juu ya njia fupi, na bado gari zake zilingoja mizigo. Alikufa mwaka 1938 kule kwao Uskoti, mu miaka ileile Union Minière ilipokuwa inajenga muji wa Kolwezi. Mu Angola Wareno waliita muji mumoja kwa jina lake. Leo unaitwa Caála.

Basi tupime. Kosa la kwanza la watu wengi ni kupima faida bila kupima miaka. Mtu anasema: nilitoa mia, nikapata mia mbili. Vizuri, lakini mu miaka mingapi? Iko hesabu nyepesi ambayo mtoto wa shule anaweza kufanya: chukua 72, ugawanye kwa miaka ambayo feza ilihitaji ili iwe mara mbili. Ikiwa ni miaka 3, feza ilizaa karibu 24 juu ya mia kila mwaka. Ikiwa ni miaka 28 kama reli ya Lobito, ilizaa karibu 2,5 tu juu ya mia. Ni mara mbili ileile, lakini si faida ileile. Na kama mu miaka hiyo bei ya unga sokoni inapanda 10 juu ya mia kila mwaka, yule wa 2,5 anakula hasara, hata kama mu mukono anahesabu noti mingi.

Kosa la pili ni kuhesabu paka walioshinda. Tuseme watu kumi wa Dilala, kila mtu anatoa dola 100 kusaidia shimo la wachimbaji. Mashimo matatu yanatoa, kila moja linarudisha dola 300. Saba hayatoi kitu. Mu kartiye yote tutasikia habari ya wale watatu, na pikipiki walizonunua. Lakini fanya jumla: dola 1.000 ziliingia, 900 zilitoka. Kazi ile, kwa wote pamoja, inakula watu. Mbele ya kutoa feza, usiulize mwenye pikipiki peke yake. Tafuta na wale saba.

Kosa la tatu hata Williams mwenyewe hakuliepuka kabisa. Alikuwa na vitunga viwili, mine na reli, lakini vyote vilitundikwa ku muti mumoja: bei ya shaba. 1931 muti ulipotikiswa, vyote viwili viliyumba pamoja. Sasa tuangalie nyumba zetu. Baba anafanya kazi ku mine. Mama anauzisha chakula kwa watu wa mine. Nyumba ya nyuma imepangishwa kwa mtu wa depo. Teksi ya kijana inabeba wachimbaji. Tunazani tuko na kazi nne. Kumbe ni kazi moja yenye milango minne. Tuliliona mwaka 1990, Kamoto ilipobomoka na Gécamines ikaanza kuanguka. Tuliliona tena na kobalti: mwanzoni mwa 2018 tani moja ilipita dola 90.000, mwaka uliofuata ilishuka chini ya nusu.

Na wengi wetu tunakumbuka mwaka 2003, wakati zaidi ya wafanyakazi 10.000 wa Gécamines walipopewa dekonti ya mwisho ili waache kazi. Feza ya miaka ishirini ao makumi tatu iliingia mu mukono siku moja. Kuna walionunua gari moja, likaharibika. Kuna waliofungua duka pembeni ya maduka kumi mengine, wanunuzi wao wakiwa watu waleyle wasio na mushahara tena. Hawakukosa akili. Hakuna aliyeketi nao kupima.

Reli ya Williams iliendelea bila yeye. Vita ya Angola iliifunga tangu 1975. Miaka 99 iliisha Novemba 2001, na njia ikarudi kwa serkali ya Angola wakati hakuna gari ya Kongo iliyopita juu yake. Wachina waliijenga upya, na mwaka 2015 njia ilifunguliwa tena mpaka Luau ku mupaka. Mwaka 2022 kampuni za Ulaya zilitia sahihi kuishika miaka 30. Hesabu ya 1902 inafanywa tena, na watu wakubwa wanapima hatari zao na mafundi wao.

Sisi tuko na kaye ya mtoto wa shule, na inatosha. Mbele ya kutoa makuta, andika mambo manne: feza itarudi ngapi na mu miaka mingapi, mu watu kumi waliojaribu, wangapi walipoteza, kazi hii itafanya nini siku bei ya shaba itaanguka, na ikipotea yote, watoto watakula nini mwezi ule. Kama jibu la mwisho haliko, punguza feza unayotia, weka ya chakula na ya masomo pembeni, ao endelea kwanza na likelemba yako mpaka upate ya kutosha. Isomeni kaye ile bibi na bwana pamoja, mbele ya kutia sahihi.