Padre wa Viziwi

Padre Charles-Michel de l'Épée, mzaliwa wa Versailles, Ufaransa, mwaka 1712, aliingia siku moja katika nyumba mjini Paris, akawasalimu mabinti wawili, wasimjibu. Mama yao alimweleza ya kuwa ni viziwi, na mwalimu wao amekwisha kufa. Padre aliogopa wasije wakafa pasipo kumjua Mungu.

Zamani zile viziwi wachache tu walifundishwa, wengi wao wana wa matajiri, na baadhi ya waalimu waliificha njia yao kama mganga afichavyo dawa. Yeye aliwapokea nyumbani kwake maskini na tajiri bila ada. Tena, na hili twaliona kubwa zaidi, alikubali kufundishwa na wanafunzi wake: alijifunza ishara za mikono yao, akaziongezea nyingine za sarufi ya Kifaransa. (Hizo za kuongeza zilikuwa nzito mno, zikaachwa baadaye.)

Alifariki mwaka 1789. Miaka miwili baadaye Bunge liliifanya shule yake kuwa ya taifa. Lakini mwaka 1880 waalimu waliokutana Milano, karibu wote watu wasikiao, waliamua ishara ziondolewe madarasani, kiziwi afundishwe kwa kinywa tu. Uamuzi huo ulikataliwa na mkutano wa namna ile ile huko Vancouver, mwaka 2010.