Sajenti Leakey, kijana wa Kiganjo aliyerukia kifaru cha adui

Jina la Leakey linapotajwa nchini Kenya, wengi hukumbuka mabaki ya binadamu wa kale yaliyofukuliwa na Louis Leakey na mwanawe Richard. Ni wachache wanaomkumbuka jamaa yao, Sajenti Nigel Gray Leakey, aliyeuawa kusini mwa Ethiopia mnamo Mei 19, 1941, akiwa na umri wa miaka 28.

Nigel alizaliwa Kiganjo, Januari 1, 1913. Babake, Gray Leakey, alikuwa mlowezi aliyekizungumza Kikikuyu kwa ufasaha. Kijana huyo alipelekwa kusoma Bromsgrove, Uingereza, kisha akarejea Kenya. Italia ilipojitosa katika Vita vya Pili vya Dunia Juni 1940, ikiwa tayari inaikalia Ethiopia, mpaka wa kaskazini wa Kenya uligeuka uwanja wa vita. Leakey alitumikia Kikosi cha 1/6 cha King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya. Kikosi hicho asili yake ilikuwa Tanganyika, na lugha ya kambini ilikuwa Kiswahili.

Kufikia Mei 1941, wengi walidhani kazi imekwisha. Addis Ababa ilikuwa imetekwa Aprili 6, naye Mfalme Haile Selassie alikuwa amerejea katika mji wake mkuu Mei 5. Hata hivyo, Waitaliano waliojikusanya katika eneo la maziwa, kusini, walikuwa bado na silaha na nia ya kupigana, na mvua za masika zilikuwa zimeharibu barabara.

Mei 19, kombania mbili za Keya zilivuka Mto Billate karibu na Colito. Zilipofika ng'ambo zilishambuliwa ghafla kwa vifaru, nazo hazikuwa na silaha ya kuvizuia. Leakey alikuwa akiwasaidia wenzake kwa mota, lakini makombora yakamwishia. Kifaru kimoja kilipojitokeza kwa nyuma, alikirukia, akafungua kwa nguvu kifuniko chake cha juu na kuwapiga risasi waliokuwa ndani kwa bastola, akimsaza dereva peke yake. Akamlazimisha kukiendesha hadi mahali pa kujificha. Alijaribu kuutumia mzinga wake dhidi ya vifaru vingine, ukakataa kulia.

Mtu mwingine angeridhika na hapo. Leakey alishuka, akapita uwanja uliokuwa ukimiminiwa risasi, akaanza kuvinyemelea vifaru vilivyosalia. Viwili vilimpita. Cha tatu alikidandia, akakifungua na kumuua askari mmoja aliyekuwa ndani, ndipo kifaru cha nne kilipomlenga kwa bunduki ya rashasha na kumwangusha. Kasi ya shambulio ilikuwa imevunjika, na Keya haikusukumwa kurudi mtoni.

Hakwenda peke yake. Sajenti-meja mmoja Mwafrika na askari wengine wawili waliongozana naye katika mwendo huo wa mwisho, wakikabili risasi zilezile. Maelezo rasmi ya nishani yaliwataja kwa vyeo tu. Majina yao hayamo. Ndivyo historia ya Keya ilivyoandikwa mara nyingi, na ni vigumu kumsifu Leakey kwa haki bila kuliona pengo hilo.

Nishani ya Victoria Cross, iliyo kuu kuliko zote za ushujaa nchini Uingereza, ilitangazwa kwa ajili yake Novemba 1945, miaka minne na zaidi baada ya kifo chake. Nduguye mdogo, Rea, alinusurika vitani na kupanda cheo hadi kuwa Meja Jenerali. Baba yao hakubahatika kufa kwa uzee: mnamo 1954, wakati wa vita vya Mau Mau, alitekwa nyara na kuuawa.

Leakey hana kaburi linalojulikana. Jina lake limechongwa katika mnara wa kumbukumbu kwenye makaburi ya wanajeshi, Barabara ya Ngong, Nairobi. Mtawala Mkuu wa Italia nchini Ethiopia, Mwanamfalme Amedeo wa Aosta, alisalimu amri huko Amba Alagi mwezi huohuo wa Mei. Aliletwa Kenya akiwa mateka, akafariki Nairobi Machi 1942. Yeye anayo kaburi: amezikwa katika kanisa la kumbukumbu la Waitaliano, Nyeri, si mbali na Kiganjo.