Raiffeisen: Meya aliyewatoa wakulima mikononi mwa wakopeshaji

WAKULIMA wengi walio katika vyama vya akiba na mikopo, maarufu kama SACCOS, hawajawahi kulisikia jina la Friedrich Wilhelm Raiffeisen. Hata hivyo, kanuni nyingi wanazozifuata wanapokutana kujadili maombi ya mikopo zilijaribiwa katika vijiji vya Ujerumani zaidi ya miaka 150 iliyopita. Aliyezijaribu hakuwa mwenye benki wala msomi wa uchumi. Alikuwa mtumishi wa serikali mwenye macho mabovu, na hakufanikiwa kwa jaribio la kwanza.

Raiffeisen alizaliwa Machi 30, 1818 katika mji mdogo wa Hamm, kando ya mto Sieg, magharibi mwa Ujerumani. Alikuwa mtoto wa saba kati ya tisa. Aliondokewa na baba angali mdogo, na familia haikuwa na uwezo wa kumsomesha shule za juu. Elimu yake kubwa aliipata kwa mchungaji wa Kiprotestanti aliyekuwa baba yake wa ubatizo.

Akiwa na umri wa miaka 17 aliingia jeshini, lakini ugonjwa wa macho ulimlazimisha kuacha mwaka 1843. Akahamia utumishi wa umma katika ufalme wa Prusia, na mwaka 1845 akawa meya wa Weyerbusch. Cheo kilikuwa cha meya, lakini kazi yenyewe ilifanana zaidi na ya mtendaji wa kata wa huku kwetu: kusimamia vijiji vingi vidogo vya wakulima maskini katika milima ya Westerwald. Mwaka huo huo alimwoa Emilie Storck.

Njaa na deni la unga

Hakukaa sana kabla ya mtihani kumfika. Mwaka 1846 ugonjwa wa viazi uliokuwa ukienea Ulaya ulikutana na mavuno mabaya ya nafaka. Majira ya baridi yaliyofuata yaliwakuta wakulima wa Weyerbusch hawana chakula wala fedha, na bei ya mkate ikipanda.

Serikali ilitoa unga, lakini kwa masharti kwamba uuzwe kwa fedha taslimu. Sharti hilo liliwafungia nje wale wale waliokuwa na njaa. Raiffeisen alichukua hatari ya kuugawa kwa mkopo. Kisha aliwashawishi wenye uwezo wa eneo hilo wachange fedha, wakaunda chama cha mkate na kujenga tanuri la pamoja. Mkate ukapatikana kwa bei nafuu, na asiye na fedha akaandikiwa deni.

Alijenga pia shule, na kusimamia ujenzi wa barabara ya kuviunganisha vijiji hivyo na bonde la mto Rhine, kwani mazao yasiyofika sokoni hayamtoi mkulima kwenye umaskini.

Ng'ombe wa mkopo

Mwaka 1848 alihamishiwa Flammersfeld. Huko njaa ilikuwa imepita, ila deni lilikuwa limebaki. Miaka michache kabla hajazaliwa, wakulima wa Prusia walikuwa wameanza kutolewa katika utumwa wa mabwana wa ardhi. Walipata uhuru, lakini hawakupata mtaji. Benki za mijini hazikuwa na haja na mtu mwenye ekari chache na ng'ombe mmoja.

Aliyebaki ni mkopeshaji binafsi. Mkulima alichukua ng'ombe kwa mkopo, akamlisha na kumtunza, lakini riba ilikua haraka kuliko ndama. Mvua ikigoma au ng'ombe akifa, kilichofuata ni shamba kwenda mnadani. Mkulima anayeuza mazao yakiwa bado shambani ili alipe ada ya mtoto anaielewa hali hiyo bila kufafanuliwa.

Mwaka 1849 Raiffeisen aliunda chama cha kuwasaidia wakulima wasio na uwezo. Wakazi wapatao 60 wenye mali walikubali kuwa wadhamini kwa pamoja, wakakopa fedha, na chama kikawanunulia wakulima ng'ombe. Malipo yaligawanywa kwa miaka mitano. Hapo ndipo ubunifu wake ulipoanza kuonekana: muda wa mkopo ulifuata mwendo wa shamba, na si haraka ya mkopeshaji.

Alipohamia Heddesdorf, karibu na mji wa Neuwied, alianzisha mwaka 1854 chama kingine kilichotaka kufanya mengi kwa wakati mmoja: kulea yatima, kuwatafutia kazi waliotoka gerezani, kuwapa wakulima ng'ombe na kutoa mikopo. Shughuli nyingine zilififia moja baada ya nyingine, ukabaki mkopo. Nao wenye mali walianza kuchoka. Walikuwa wameweka mali zao rehani kwa ajili ya deni la watu wengine, na hawakuona mwisho wake.

Somo lililomgharimu miaka 15

Hapo Raiffeisen alilazimika kukubali jambo ambalo hakulipenda. Alikuwa mtu wa dini, aliyeamini kwamba tajiri ana wajibu kwa maskini. Lakini chama kinachotegemea huruma ya matajiri kilidumu kadiri huruma hiyo ilivyodumu. Tena mkopaji hakuwa na sauti wala jukumu ndani yake, alipokea tu.

Mwaka 1862 vyama vya mikopo vya aina mpya vilianza katika eneo lake, kikiwamo cha Anhausen, na mwaka 1864 chama cha Heddesdorf kilifumuliwa na kuundwa upya. Kuanzia hapo, aliyetaka kukopa sharti awe mwanachama, na kila mwanachama aliwajibika kwa deni la chama kwa mali yake yote.

Sharti hilo linatisha, lakini ndilo lililobeba mfumo mzima. Mkulima mmoja mwenye ng'ombe mmoja haaminiki benki. Wakulima 80 waliofungamana wanaaminika. Aidha, kwa kuwa kila mmoja angeumia jirani akishindwa kulipa, wote walikuwa na sababu ya kujua mkopo unakwenda kufanya nini. Ndiyo maana chama kiliwekewa mpaka mdogo, kijiji au vijiji vya jirani. Benki ya mjini ingetumia gharama kubwa kujua nani mchapakazi na nani mlevi. Kijijini jambo hilo hujulikana bure.

Kanuni nyingine zilifuata mkondo huo. Viongozi hawakulipwa, isipokuwa mtunza hesabu. Faida haikugawanywa, bali iliwekwa katika mfuko wa pamoja ambao haukuwa mali ya mtu. Chama kilipokea akiba, na baadaye kikanunua mbegu na mbolea kwa jumla.

Kipindi hicho hicho kilikuwa kigumu nyumbani. Emilie alifariki mwaka 1863 na kumwachia watoto. Macho yalizidi kufifia, na mwaka 1865 afya ilimfanya aache umeya kwa pensheni ndogo, akawa anauza mvinyo ili kuishi. Binti yake mkubwa, Amalie, ndiye aliyekuwa macho yake, akimsomea na kumwandikia. Mwaka 1866 kilitoka kitabu chake kilichoeleza jinsi ya kuanzisha chama cha mikopo cha kijiji, na wakulima na wachungaji wa sehemu nyingine wakaanza kuiga.

Vita ya sheria

Wakati huo Ujerumani ilikuwa na bingwa mwingine wa ushirika, Hermann Schulze-Delitzsch, mwanasheria na mbunge aliyesimamia vyama vya mafundi na wafanyabiashara wa mijini. Ndiye aliyekuwa nyuma ya sheria ya ushirika ya Prusia ya mwaka 1867. Vyama vyake vilikuwa na hisa, gawio na mikopo ya miezi michache.

Mikopo ya namna hiyo ilimfaa fundi viatu anayeuza kila siku. Mkulima anayengoja mavuno, au ndama akue, asingeweza kurudisha fedha kwa miezi mitatu. Schulze-Delitzsch kwa upande wake aliona mikopo ya miaka mingi ni hatari kwa chama kinachotumia akiba za watu, hoja ambayo mkaguzi yeyote wa leo ataielewa.

Mvutano ulipamba moto Raiffeisen alipoanzisha mwaka 1872 benki kuu ya vyama huko Neuwied, ili chama chenye ziada kikisaidie chenye upungufu. Wapinzani walidai muundo wake haupatani na sheria. Benki za aina hiyo zilivunjwa, na mwaka 1876 akaanza upya kwa kuunda kampuni ya hisa. Vyama vya vijijini navyo vililazimika kuwa na hisa, wakaziweka ndogo ili maskini asifungiwe mlango. Mwaka 1877 ulifuata muungano wa vyama, wa kutoa ushauri na ukaguzi.

Wasifu wake una doa pia. Baadhi ya wafanyabiashara wa mifugo na fedha wa eneo hilo walikuwa Wayahudi, na katika miaka yake ya mwisho alitoa kauli za kuwashutumu kwa jumla, jambo ambalo wanahistoria wa Ujerumani wamelijadili kwa uwazi miaka ya karibuni.

Raiffeisen alifariki Machi 11, 1888, siku 19 kabla ya kutimiza miaka 70. Aliacha vyama zaidi ya 400. Mfumo wake ulivuka mipaka: Waingereza waliuchunguza kwa ajili ya India, ukachangia sheria ya vyama vya mikopo ya huko ya mwaka 1904, na sheria ya ushirika ya Tanganyika ya mwaka 1932 ilifuata mkondo huo. Jina lake limo pia ndani ya Rabobank ya Uholanzi, ambapo herufi mbili za kwanza zinamwakilisha yeye. Benki hiyo ndiyo iliyoongoza kundi la wawekezaji lililonunua asilimia 49 ya hisa za NMB mwaka 2005.

Fedha, sheria na ukaguzi vyote vilikuwa na nafasi katika kazi yake. Lakini vyama vyake vilianza kusimama siku ile anayekopa alipokuwa pia anayedhamini. Chama ambacho wanachama wake huona fedha zilizomo ni za serikali au za mfadhili bado kiko pale alipokuwa yeye mwaka 1854.