Mchongaji wa Senti ya Ngano

Nataka kuwasimulia habari za Victor David Brenner, mchongaji, aliyezaliwa Lithuania mwaka 1871 akahamia Marekani mwaka 1890. Mwaka 1909 alichonga senti ya shaba yenye kichwa cha Rais Lincoln, na nyuma yake masuke mawili ya ngano. Chini ya masuke alitia herufi za jina lake, V.D.B. Watu wakanung'unika kwamba anajivuna, na baada ya siku chache zikaondolewa. Mimi naona alionewa, maana wachongaji waliomtangulia walitia alama zao. Lakini kiwanda cha San Francisco kilikuwa kimekwisha toa senti 484,000 zenye herufi hizo, na leo wakusanyaji hununua moja kwa mamia ya dola. Herufi zilirudishwa mwaka 1918, ndogo mno, begani mwa Lincoln. Brenner alikufa New York mwaka 1924.