Kaburi la Nyeri na Familia Iliyopona

Wengi wetu tukitoka hapa Timau kwenda Nyeri tunapita Nanyuki na Naro Moru, tunafanya shughuli zetu mjini na kurudi. Lakini pale Mathari, nje kidogo ya mji, kuna kanisa la ukumbusho la Waitaliano. Ndani yake wamelazwa wanajeshi zaidi ya 600, na pamoja nao mtu wa ukoo wa kifalme. Wiki hii tutazame maisha yake, na hasa yale yaliyoipata nyumba yake.

Aliitwa Amedeo, Duke wa Aosta. Alizaliwa Turin, Italia, tarehe 21 Oktoba 1898. Akiwa kijana mdogo alipigana Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1927 alimwoa Anne wa Orléans, na Mungu akawapa mabinti wawili, Margherita na Maria Cristina. Mwishoni mwa 1937 akatumwa Addis Ababa kutawala kwa niaba ya mfalme wa Italia.

Hapa tuseme ukweli. Kiti kile kilikuwa cha dhuluma. Italia ilikuwa imeivamia Ethiopia kwa ndege na gesi ya sumu. Chini ya Graziani, aliyemtangulia, watu wa Addis Ababa waliuawa kwa maelfu Februari 1937, na familia nyingi za wakubwa, kina mama na watoto wao, zikapelekwa Italia kuzuiliwa. Mmoja wao alikuwa Romanework, binti wa Haile Selassie. Mumewe alishauawa. Yeye mwenyewe alifia kizuizini mwaka 1940, mjini Turin, mji ule ule alikozaliwa Amedeo. Amedeo hakuyaanzisha hayo, na alijulikana kuwa mpole kuliko Graziani. Hata hivyo, serikali aliyoitumikia ilikuwa ile ile.

Mambo yakageuka. Mei 1941 alizingirwa na jeshi la Waingereza katika mlima wa Amba Alagi, akajisalimisha pamoja na askari wake. Aliletwa Kenya kama mfungwa wa vita. Malaria na kifua kikuu vikamwandama, na tarehe 3 Machi 1942 akafariki Nairobi, akiwa na miaka 43, mbali na mke na watoto. Aliomba azikwe pamoja na askari wake. Ndiyo maana yuko Nyeri.

Lakini hadithi haikuishia kaburini. Septemba 1943 Italia ilijitoa katika vita vya Hitler, na Wajerumani wakageuka dhidi ya nyumba ya kifalme. Julai 1944 walimkamata mjane Anne na mabinti zake, mmoja wa miaka 14, mwingine 10. Wakamkamata pia Irene, mke wa ndugu yake Amedeo, na mtoto wake mchanga ambaye hajafikisha mwaka. Mtoto huyo naye aliitwa Amedeo, jina la yule aliyelala Nyeri.

Walipelekwa Hirschegg, kijiji cha milimani huko Austria, wakazuiliwa katika hoteli iliyofanywa gereza. Haikuwa kama zile kambi za mauaji, lakini mfungwa hajui kesho yake. Mwezi uliofuata Mafalda, binti wa mfalme wa Italia, alikufa katika kambi ya Buchenwald. Hebu wafikirie kina mama wawili na watoto watatu, baridi kali, askari mlangoni. Cheo hakikuwasaidia kitu. Mei 1945 wanajeshi wa Ufaransa wakafika, na wote watano walikuwa hai. Yule mtoto mchanga aliishi mpaka mwaka 2021.

Wapendwa, tusiseme kwamba Mungu alimpenda Anne kuliko Romanework. Wote wawili walikuwa wajane, wote walikuwa na watoto, na watoto hawakumkosea mtu. Hapa kwetu bibi zetu wanayajua haya. Miaka ya Emergency walisukumwa vijijini vyenye mahandaki, wakalea watoto chini ya bunduki. Mtoto hajui siasa, anajua njaa tu.

Basi tujiulize: nyumba ya mtu aliyetukosea ikipigwa, sisi tunafurahi ama tunapiga magoti? Kuna mke wa mfungwa hapa mtaani kwetu. Yeye hakuiba, lakini watu wanamkwepa hata kisimani. Watoto wake wanachekwa shuleni. Wiki hii mtembelee. Beba unga, beba viazi, na usiulize habari za kesi. Omba naye, kisha urudi nyumbani.

Andiko la kusoma na jamaa yako jioni: Zaburi ya 146, yote. Mtaona humo habari za wakuu wa dunia, za wafungwa, na za wajane na yatima. Mbarikiwe.